Likizo ya Rungwe: Je, na Mama Amepumzika?

Ndugu msomaji, mwezi wa Desemba ukiingia, mazungumzo ya wafanyakazi wa mijini hubadilika. Kiwandani, ofisini na katika kituo cha basi watu huulizana swali moja tu: "Sikukuu utakuwa wapi?" Wale waliozaliwa Rungwe, hata kama wamekaa Dar es Salaam miaka ishirini na wanakijua kila kichochoro cha Kariakoo, hujibu pasipo kusita: "Nyumbani, Tukuyu."

Anayeijua safari hiyo hawezi kuwalaumu. Ukifika Mbeya unarudi kidogo hadi Uyole, kisha unaiacha barabara kuu na kushika ile ya kusini iendayo Kyela na Malawi. Barabara inapanda milima ya Uporoto, inapita Isyonje na Isongole ambako magunia ya viazi na kabichi yamepangwa kando ya lami, kisha inateremka Kiwira kati ya migomba. Baada ya kilomita kama 70 kutoka Mbeya umewasili Tukuyu, mji mdogo uliokaa juu kiasi cha mita 1,500, ambao Wajerumani waliuita Neu-Langenburg. Mlima Rungwe, wenye mita 2,960 hivi, unausimamia mji kutoka kaskazini, ukijifunika ukungu na kujifunua upendavyo. Mvua za Desemba zimekwisha kuanza, mashamba ya chai yamechanua kijani kibichi, na asubuhi mtu aliyetoka kwenye joto la pwani hulitafuta sweta lake kwa haraka.

Basi mgeni huketi barazani. Anaandikiwa chai ya maziwa yaliyokamuliwa asubuhi hiyo hiyo. Mchana analetewa ndizi zilizopikwa kwa nyama, na parachichi lililokatwa vipande. Jioni rafiki zake wa utotoni wanakuja mmoja mmoja, na hadithi zinaanza. Hapana shaka kwamba haya ni mapumziko.

Lakini leo safu hii inakuomba, ndugu msomaji, uinuke hapo barazani kwa dakika chache na kuingia jikoni.

Hali ilivyo jikoni

Huko utawakuta wanawake wawili au watatu ambao tangu saa kumi na moja alfajiri hawajakaa. Nyumba iliyozoea watu wanne sasa ina watu kumi na watano. Maji ya kuoga ya wageni hupashwa moto, kwa kuwa Tukuyu si mahali pa kuoga maji baridi alfajiri. Chai ya asubuhi haijakwisha kunyweka na tayari ndizi za mchana zinamenywa. Vyombo vya mchana havijakauka na kuku wa jioni wananyonyolewa. Kuni zimelowa kwa mvua, na moshi umejaa jikoni.

Mmoja wa wanawake hao ni mama mwenye nyumba, ambaye umri wake sasa unamtaka aketi, ahudumiwe. Wa pili ni mkamwana aliyekuja kutoka mjini. Huyu naye ni mfanyakazi. Kwa miezi kumi na moja ameamka usiku, amepanda daladala, amesimama mbele ya mashine au nyuma ya meza ya duka, na kurudi nyumbani kupika. Likizo yake ni hii hii. Siku ya kurudi, basi linapouacha mji, mume humwuliza kwa moyo mkunjufu, "Tumepumzika kweli safari hii, siyo?" Yeye hutazama nje dirishani.

Hatusemi haya ili kuwafedhehesha akina baba. Aghalabu mtu hafanyi hivyo kwa ukatili. Anafanya kwa kuwa tangu utoto wake chakula kimekuwa kikitokea mlangoni kikiwa tayari, na hakupata kuuliza kimetokaje. Hata hivyo, mapumziko yanayomchosha nusu ya nyumba hayastahili kuitwa mapumziko ya familia. Na ajabu ni kwamba dawa ya jambo hili imo ndani ya desturi ya Rungwe yenyewe, kama tutaitazama vizuri.

Neno moja la Kinyakyusa

Wanyakyusa wana neno ambalo Kiswahili kinahitaji maneno mengi kulieleza: ukwangala. Kwa ufupi ni ile raha ya kukaa pamoja na wenzako, kula na kunywa pamoja, kuzungumza kwa adabu na kwa uchangamfu. Lakini maana yake haiishii hapo. Ndani ya neno hilo mna kusaidiana kunakozaliwa na urafiki, na mna elimu, kwa sababu wazee waliamini kwamba mtu hujifunza busara akiwa katika mazungumzo na wenzake walio sawa naye. Mtu aliyekula peke yake na kujifungia ndani alitiliwa shaka, hata awe na mali kiasi gani.

Neno hili lilimvutia sana Monica Wilson, mtaalamu wa elimu ya jamii kutoka Afrika Kusini, ambaye pamoja na mumewe Godfrey alikaa miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938. Kitabu chake mashuhuri juu yao, kilichotolewa mwaka 1951, alikiita Good Company, yaani ushirika mwema. Katika kitabu hicho alieleza utaratibu ambao hauna mifano mingi duniani: vijiji vya marika. Vijana wa kiume walipofikia umri wa miaka kumi au kumi na mmoja waliondoka katika nyumba za wazazi wao, wakajenga vibanda vyao pembeni, wakaanzisha kijiji chao wenyewe. Walilala huko pamoja, lakini chakula walikula kwa mama zao. Na hawakula kila mmoja kwao: walikwenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Walipokua na kuoa, waliendelea kukaa pamoja, rika moja, majirani na marafiki hadi uzee.

Vijiji hivyo vya marika havipo tena. Ardhi ilipungua, mazao ya kudumu kama kahawa na chai yakamfunga mtu na shamba lake, na vijana wengi wakaenda kutafuta kazi mbali, katika dhahabu ya Lupa kule Chunya na katika migodi ya shaba ya Zambia ya leo. Lakini tabia ya kupenda ushirika haikufa. Mtazame Mnyakyusa aliyerudi likizo: hatulii mpaka amezunguka nyumba za wenzake wote aliosoma nao, na kila nyumba lazima aonje kitu.

Upande uliosahauliwa

Sasa tufikiri, ndugu msomaji. Kundi lile la vijana lililokwenda kula leo kwa mama huyu na kesho kwa mama yule lilikuwa likipikiwa na nani? Na mzee aliyesifiwa kijijini kwa ukarimu, aliyeita rika lake lote kuja kula na kunywa, sifa hiyo aliipata kwa mikono ya nani? Jibu linajulikana. Ukwangala wa wanaume ulisimama juu ya mafiga matatu, na penye mafiga alikuwapo mwanamke.

Lakini angalia pia hekima iliyokuwamo. Mzigo ule haukumwangukia mama mmoja. Ulizunguka. Kama kundi lilikuwa na vijana kumi, kila mama alipata siku yake ya kupika chakula kingi na siku tisa za nafuu. Kwa lugha ya leo tungesema ilikuwa zamu. Sisi wa mijini tumerithi karamu, ila zamu tumeisahau. Tunamshukia mama mmoja kwa siku kumi mfululizo, watu kumi na watano, kisha tunashangaa kwa nini Januari inapoingia analalamika mgongo.

Kwa hiyo tunachopendekeza hapa si kitu kigeni kilicholetwa kutoka nje. Ni kuirudisha zamu mahali pake, na kuipanua ili mama naye apate ukwangala wake.

Jambo la kwanza: zamu ya jiko

Siku ya kwanza ya kuwasili, kabla mambo hayajaharibika, ndugu wote waketi na kugawana siku. Kama kaka na dada watano wamekuja na jamaa zao, kila jamaa ishike jiko siku yake: wanunue, wapike, waoshe vyombo. Wanaume wa jamaa hiyo wamo. Kupasua kuni, kuteka maji, kumenya ndizi na kunyonyoa kuku hakumpunguzii mtu heshima yake. Wanaume wetu hupika jeshini, hupika melini na hupika katika mahoteli, wakalipwa mshahara na kusifiwa.

Huenda mzee akaguna. Lisemwe jambo hili kwa heshima, na lianzishwe na mwanawe wa kumzaa, wala si mkamwana. Mila ya Kinyakyusa ya zamani iliweka heshima kali mno kati ya mkamwana na baba mkwe wake, hata kukutana uso kwa uso lilikuwa jambo la kuepukwa. Ukali huo umepungua, lakini haifai kumtia mkamwana katika mtihani wa kumweleza baba mkwe nani apike. Mume wake ndiye anayepaswa kusimama, kuchukua kisu, na kuanza kumenya. Maneno hayatahitajika mengi.

Na hapa ni chakula rahisi cha kuanzia, kinachotosha watu 10, ambacho hata aliyeshika mwiko mara ya kwanza atakiweza. Chukua nyama ya ng'ombe yenye mifupa kilo 2, ndizi mbichi 40 za kiasi, vitunguu 4, nyanya 6, kipande cha tangawizi, ndimu 1 na chumvi. Chemsha nyama kwa chumvi, tangawizi na ndimu mpaka ilainike. Wakati huo jipake mafuta mikononi ili utomvu usigande, menya ndizi na kuzitia katika maji baridi zisiwe nyeusi. Panga ndizi juu ya nyama, tia vitunguu na nyanya zilizokatwa, na supu ifike karibu usawa wa ndizi. Funika kwa jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto, kisha kifuniko juu yake. Acha moto wa wastani kwa nusu saa hivi. Usikoroge, usije ukazivunja. Tikisa sufuria tu. Wapendao humalizia kwa samli au kikombe cha maziwa.

Jambo la pili: kapu linalopika lenyewe

Watu wengi huuliza: siku za mvua, watoto wamejaa ndani, wafanye nini? Hili hapa ni jambo moja la ufundi ambalo nyumba nzima inaweza kulifanya kwa alasiri moja, na faida yake itabaki jikoni mwaka mzima. Tengenezeni kapu la kupikia.

Nunueni tenga au kapu kubwa, refu kuliko sufuria kubwa ya nyumbani, na pana kiasi kwamba sufuria ikiwekwa katikati, pabaki nafasi ya upana wa kiganja kila upande. Rungwe mianzi haikosekani, na mafundi wa kusuka wapo. Watoto wakusanye majani makavu ya mgomba, yaliyokauka hasa. Majani hayo yashindiliwe chini na kandokando ya kapu, yaache shimo la kuenea sufuria katikati. Anayejua kushona afunike majani kwa kitambaa kizito, kipande cha blanketi kuukuu kwa mfano, kisha ashone mto mnene uliojazwa majani hayo hayo, wa kufunika juu. Anayependa kudarizi apambe kitambaa chake. Kazi imekwisha.

Matumizi yake ni haya. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha yachemshwe kwa nguvu jikoni kwa nusu saa. Yakiwa bado yanatokota, sufuria yenye kifuniko itiwe ndani ya kapu, mto uwekwe juu, na pasifunuliwe kwa muda wa saa tatu au nne. Joto lililokwisha kuingia katika sufuria halina pa kutokea, kwa kuwa majani makavu na hewa iliyonaswa ndani yake hayapitishi joto kwa urahisi. Maharage yataendelea kuiva bila kuni, bila moshi na bila mtu wa kuyalinda. Mchele wa Kyela, ambao sifa zake hazihitaji kutangazwa hapa, huchemshwa dakika tano kisha hukaa kapuni kama saa moja. Kabla ya kula, maharage au nyama iliyokaa kapuni ichemshwe tena kidogo kwa usalama.

Ona basi kilichopatikana. Kuni zimepungua, mama amepata saa tatu za mchana, na watoto wamejifunza kwa mikono yao somo la sayansi juu ya joto.

Jambo la tatu: mikono na masimulizi

Saa hizo tatu zitumike vipi? Hapa ndipo tunaporudi kwenye ukwangala. Mwanamke apate baraza lake. Waje rika lake, aliosoma nao na aliokuwa akiteka nao maji. Wengine watakuja na sindano mbili na uzi wa sufu, maana katika baridi ya Tukuyu sweta la mtoto halikai sandukuni. Wengine watakuja na vitambaa vya meza vya kufuma kwa kulabu, wengine na ukindu wa kusukia mkeka. Kazi ya mikono ya namna hii haichoshi kama kazi ya jiko, kwa sababu hakuna anayesubiri kwa njaa imalizike. Unaiweka chini upendapo, unaiinua upendapo, na ulimi unaendelea.

Anayetaka kuona kazi ya mikono iliyofikia ustadi, na ana nauli, ateremke hadi Matema kwenye Ziwa Nyasa, wilayani Kyela. Jumamosi kuna soko hapo karibu, Lyulilo, ambako wanawake wa Kikisi kutoka Ikombe huleta vyungu vyao kwa mitumbwi. Hufinyanga bila gurudumu la mashine, kwa macho na vidole, na chungu hutoka mviringo kamili. Vyungu hivyo vimesafiri tangu zamani na kupika chakula katika nyumba nyingi za nyanda za juu. Mpeleke bintiye nyumba akatazame. Mpeleke na mvulana pia.

Nyimbo nazo ni kazi ya sanaa. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na miongoni mwa vitu vilivyoota mizizi huko ni kwaya na matarumbeta. Wakati wa Krismasi kijana aliyekulia mjini anaweza kugundua kwamba babu yake, ambaye alimdhania mkulima tu, anasoma nota za muziki kuliko yeye.

Na masimulizi yasidharauliwe kuwa ni porojo. Acha nikupe mfano mmoja uliotokea Rungwe penyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa wanyama walikuwa wakizungumza na wawindaji wa vijiji vilivyo kando ya Mlima Rungwe. Katika mazungumzo hayo walisikia habari za nyani mwenye haya, aishiye juu ya miti, ambaye wenyeji walimwita kipunji. Watafiti walifuatilia neno hilo msituni, na mwaka 2003 wakamwona. Mwaka 2005 habari zake zilitangazwa duniani, na mwaka 2006 wataalamu wakathibitisha kwamba yeye si aina mpya tu bali ni jenasi mpya kabisa, wakaiita Rungwecebus kwa heshima ya mlima huo. Tangu mwaka 1923 dunia ilikuwa haijapata jenasi mpya ya kima barani Afrika. Ugunduzi huo ulianzia wapi? Ulianzia katika mazungumzo na watu wa kijijini. Kwa hiyo mtoto wako akiketi karibu na bibi jioni, usimwite haraka aje alale. Mpe daftari na kalamu, aandike.

Vijana wakitaka masimulizi ya mpira, wapo wazee watakaowaeleza jinsi Tukuyu Stars, timu ya mji huu mdogo, ilivyotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986 mbele ya vigogo wa Dar es Salaam. Watayasimulia magoli moja moja, na kila mzee atakuwa na lake.

Jambo la nne: kutembea pamoja

Siku moja ya jua, nyumba yote itoke. Chakula kipikwe jana yake, au kichukuliwe katika kapu lile lile. Karibu na Kiwira lipo Daraja la Mungu, jabali la volkano lililopita juu ya Mto Kiwira kama lililojengwa na fundi, na jirani yake Kijungu, ambapo maji ya mto huingia kwa kishindo katika shimo la mwamba. Wenye miguu imara wapande Ngosi, karibu na Isongole, wakalione ziwa lililotulia ndani ya shimo la volkano, mojawapo ya maziwa makubwa ya aina hiyo barani. Desemba njia huteleza, basi vaeni viatu vya kukamata udongo, mchukue mwenyeji wa kuwaongoza, na watoto wadogo wasiachwe ukingoni. Wasiopenda kupanda waende Ziwa Masoko, ambako bado yapo majengo ya mawe ya enzi za Wajerumani, na ambako wenyeji husimulia habari za fedha zilizozamishwa ziwani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Muhimu ni kwamba mama awemo katika msafara. Wapo wanawake walioolewa umbali wa saa moja kutoka Ngosi, wakazeeka hapo, wakipika chakula cha wageni waliokwenda Ngosi, na wao wenyewe hawajapata kuliona ziwa hilo.

Neno juu ya mfuko

Mfanyakazi wa kuajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo isiyopungua siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa likizo, na siku za sikukuu zinazoangukia humo zimo katika hesabu hiyo. Ni haki yako, itumie. Lakini usiitumie kuwaonyesha wanakijiji kwamba mjini umefanikiwa. Kreti za soda na bia unazoagiza kwa ajili ya watu usiowajua majina zitakufuata hadi Januari, wakati shule zinapofunguliwa na watoto wanahitaji sare, viatu na madaftari. Ukwangala haukupimwa kwa wingi wa chupa. Ndizi ni za shambani, parachichi limeanguka lenyewe chini ya mti, maziwa yapo. Ukitaka kuacha zawadi ya kukumbukwa, jenga jiko lenye bomba la moshi, au weka bati na mtaro wa kukinga maji ya mvua, katika nchi ambayo mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Zawadi hizo zitaendelea kumpumzisha mama utakapokuwa umekwisha kurudi kazini.

Na wewe ndugu msomaji ambaye si wa Rungwe, ambaye sikukuu itakukuta Temeke, Mwanza au Tanga, usidhani kwamba haya hayakuhusu. Zamu haina kabila. Kapu la kupikia hujazwa hata kwa vipande vya nguo kuukuu na magazeti yaliyokunjwa, hili likiwemo, mkishamaliza kulisoma.

Sikukuu itakapokwisha na mizigo kufungwa, jiulizeni maswali mawili kabla ya kupanda basi. Je, tumekula na kuzungumza na wenzetu vya kutosha? Na je, yuko mtu ndani ya nyumba hii ambaye tumepumzika juu ya mgongo wake? Jibu la pili likiwa hapana, basi mmepumzika kweli, na bibi atakapowasindikiza hadi barabarani, atawaambia mrudi mwakani naye akimaanisha hivyo.

Heri ya sikukuu.